Suti ya Kijivu

Wasomaji wangu mna roho ngumu. Wiki nzima mmemwacha Febronia wa Kanazi kasimama katikati ya chumba, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, macho yamemtoka, na ninyi mnakunywa chai. Haya, tumrudie, maana pikapu ya misheni haimsubiri mtu.

Mkono ule ulikuwa umepotea njia. Badala ya kupita kwenye mkono wa koti, ulipenya penye mshono wa bitana uliofumuka, na huko ndani vidole vikagusa manyoya. Febronia akaupanua mshono kidogo, akachungulia. Aliona herufi kubwa za bluu, nusu zimekatwa na mkasi wa fundi, nusu zinasomeka bila taabu.

Lilikuwa jina la Shirika.

Shirika gani? Shirika lile lile ambalo asubuhi hiyo lingemkalisha kitini Ngara mjini na kumwuliza kwa nini anastahili kuwa karani wa ghala la mablanketi!

"Mama!"

Mama yake, Francisca, alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Nini? Inabana?"

"Mama, hii suti ni blanketi."

"Ni sufu hiyo."

"Ni blanketi la wakimbizi! Njoo usome."

Francisca hakusogea. Alitazama dari, akatazama mwiko. "Fundi Audax aliniapia kwamba ile alama haitaonekana mpaka Bwana Yesu arudi."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua ni blanketi. Kwamba ni kosa, hilo unaniambia wewe." Alimwelekezea mwanawe mwiko. "Nyirabahizi alipojifungua nilimpelekea nini?"

"Ndizi na unga wa ulezi."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya kikapu."

"Na kikapu hurudije?"

Hakuna mtoto wa Kanazi asiyejua jibu la swali hilo. Kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Umeletewa ndizi, rudisha maharage; huna maharage, tia hata viazi viwili juu ya jani. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenzako kwamba ujirani umekwisha. Na Nyirabahizi, aliyevuka mpaka mwaka jana na wenzake, akalala siku za kwanza jikoni kwa Francisca, hakuwa na shamba wala maharage. Alichokuwa nacho kambini ni blanketi jipya. Akalikunja, akalitia kikapuni.

"Sasa ningelikataa?" aliuliza Francisca. "Nimtukane mzazi na kichanga chake mapajani?"

"Mama, Shirika wanatangaza kwa kipaza sauti kila siku ya soko. Mwenyeji akikutwa na blanketi lao ni mwizi. Na mkimbizi aliyelitoa anafutiwa kadi ya chakula."

"Mwizi? Nimeiba nini mimi? Nimerudishiwa kikapu changu!"

Mlangoni alikuwa amesimama baba, mzee Gaspari, anapiga mswaki kwa kijiti. Alitema mate nje kwa adabu kabla ya kusema.

"Jua linapanda. Na mapatano ni yale yale, Febronia. Ukirudi na kazi, harusi itasubiri mpaka utakaposema mwenyewe. Ukirudi mikono mitupu, Jumapili Rwekaza anakuja na wazee wake, na mimi nitawakaribisha."

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: Rwekaza ni mfanyabiashara wa Kaniha, huko Biharamulo. Ana duka, ana lori, na akicheka anasikika mpaka bondeni. Si mtu wa kutisha. Ila kila alipokuja Kanazi alizungumza na baba, akamsifu mama kwa mboga, kisha akamtazama Febronia kama mtu anayekadiria gunia kwa macho. Alimletea mzee redio. Tangu siku hiyo mzee humwita mkwe, na redio haizimwi.

"Basi avae kingine," alisema Francisca, na sanduku likafunguliwa.

Kwanza ikatoka sare ya kwaya, nyeupe pe, na jina la mtakatifu msimamizi limetariziwa mgongoni.

"Wataniambia niimbe," alisema Febronia.

Kikafuata kitenge cha akina mama wa parokia, chenye Bikira Maria kifuani. Sasa Francisca ni mwanamke aliyejaliwa mwili, na Febronia ni mwembamba. Aliingia, akageuka kulia, akageuka kushoto. Yeye aligeuka, kitenge hakikugeuka.

Ikajaribiwa sketi ya shule. Ilikuwa imegoma juu ya magoti tangu kidato cha nne.

Wakati huo huo jirani yao, Priscila, aliingia bila hodi. Priscila hafichwi habari na ukuta. Alishika gauni jekundu la mtumba, lenye shanga mbele na hewa nyuma.

"Chukua mdogo wangu, hili halijawahi kuniangusha."

Mzee Gaspari aligeukia ukutani. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hiyo haisitiri hata mgongo."

Honi ikalia barabarani. Pikapu ya misheni!

Febronia alitazama nguo zilizotapakaa kitandani, akatazama suti ya kijivu iliyoning'inia mlangoni. Yesu na Maria, ilikuwa nzuri! Kola imelala sawa, kiuno kimeshikwa, vifungo vinang'aa. Fundi Audax angeweza kumshonea jogoo akaenda bungeni.

"Suti," alisema.

Francisca alishika sindano, akaushona ule mshono wa bitana harakaharaka huku koti likiwa mwilini mwa mtoto.

"Sikiliza. Usilivue. Hata nyumba ikiwaka moto, ungua nalo."

"Na wewe utafanyaje?"

"Mimi namfuata Nyirabahizi. Leo ni siku yake ya kufulia watu nguo huko huko Ngara. Asije akakamatwa hana habari. Baba yako atanipakia kwenye baiskeli."

"Mimi?" aliuliza Gaspari.

"Nani mwingine ana baiskeli humu?"

Mzee alihema, akamgeukia binti yake. "Maji ukiyavulia nguo, mwanangu, huna budi kuyaoga."

"Mimi nayavalia, baba," alisema Febronia, akakimbia.

Alisimama wima nyuma ya pikapu njia nzima, khanga mbili zimemfunika kwa ajili ya vumbi jekundu, hataki kukaa asije akakunja sketi. Alifika Ngara amekakamaa, lakini hakuwa na hata kunyanzi moja.

Ofisi ya Shirika ilikuwa ya mabati juu na mabati ubavuni, imegusana na ghala lenyewe. Jua la saa nne lilikuwa limeshaipasha. Waombaji walikaa kwenye benchi wanajipepea kwa vyeti vyao, na Febronia alikaa katikati yao amevaa blanketi zima, koti na sketi. Jasho lilimshuka mgongoni taratibu, halina haraka, linajua siku bado ndefu.

"Dada, suti ni za harusi," alisema kijana aliyekaa jirani, jina lake Derick. Yeye alivaa fulana ya shirika moja, kofia ya shirika la pili, na juu yake kizibao cha mifuko, mifuko juu ya mifuko. "Siku hizi mashirika yanataka mtu wa mifuko. Akikuona tu anajua umezoea kambi."

"Umefanya kazi kambi gani?"

"Bado. Lakini kizibao hakisemi."

Aliitwa, akaingia kwa mwendo wa bosi. Hakukawia. Alitoka amenywea, kizibao mkononi.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza mifukoni mna nini." Derick alikaa chini. "Mlikuwa na kitana."

"Febronia Gaspari!"

Akaingia.

Nyuma ya meza walikuwa wawili. Mama Scholastika, mkuu wa ofisi, Mhaya wa miwani mizito, ambaye huko Ngara walisema anaweza kukusoma mpaka ulichokula jana. Kando yake Gozbert, mkuu wa ghala, kijana mtanashati wa shati jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Mkono wake wa kulia aliuweka kifuani, juu ya mfuko wa shati, kama anayeimba wimbo wa taifa.

"Shikamooni."

"Marahaba. Vua koti, binti, humu ndani ni tanuri."

"Ahsante mama. Nasikia baridi."

Tone la jasho likamdondoka puani, likatua juu ya meza mbele yao. Wote watatu walilitazama.

"Una malaria?"

"Hapana mama. Ni mazoea tu. Kanazi kuna baridi."

"Kanazi hii? Ya hapo juu?" Mama Scholastika aliinua nyusi, lakini akaendelea.

Maswali yakaanza, na hapo, msomaji, ndipo ungempenda Febronia. Magunia yakilowa anafanya nini? Akajibu. Mtu mmoja akija na kadi tatu? Akajibu. Mkubwa wako akikuambia utoe mzigo bila hati? "Nitamwomba aniandikie, mama. Akikataa kuandika, na mimi nakataa kutoa." Mama Scholastika alitabasamu. Gozbert hakutabasamu. Febronia alianza kuiona kazi, akaona na Jumapili ikipita kimya, redio inaimba, hakuna mgeni.

"La mwisho," alisema Mama Scholastika. "Mablanketi yetu yanaonekana mitaani. Uko sokoni, umeona kitu cha kijivu. Utajuaje kwamba ni chetu?"

Febronia aliinua mkono apanguse jasho, na kwapani uzi wa mama ukakatika. Tas! Aliusikia peke yake. Bitana ikaanza kuning'inia.

Angesema "kwa alama, mama" na mambo yangekwisha. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini alijiona Jumatatu, karani wa Shirika, anawapekua akina mama sokoni, anafunua vikapu vyao, naye amevaa lake. Alimwona na mama yake kwenye foleni hiyo ya kupekuliwa. Aliona aibu, aibu ile inayochoma masikio.

Liwalo na liwe! Alifungua vifungo, akavua koti, akaligeuza ndani nje, akalitandaza mezani.

"Hivi, mama."

Febronia alibaki na shati lake la shule, lenye kiraka cheupe zaidi pale nembo ilipong'olewa.

Mama Scholastika alizitazama zile herufi za bluu. Akaitazama sketi.

"Na hiyo?"

"Hii pia ni blanketi, mama. Ila hii naomba nibaki nayo."

"Mwizi!" Gozbert alisimama, kiti kikaanguka. "Mama, sisi tunahangaika, kumbe wanatuvalia mpaka kwenye usaili! Niite askari!"

"Kaa." Mama Scholastika alikuwa amelivuta koti karibu na miwani. "Gozbert, mablanketi tuliyogawa kambini yana alama ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na haya ya bluu?"

Gozbert aliinama kukiokota kiti chake.

"Haya ya bluu yameingia juzi juzi, yanasubiri masika," Mama Scholastika alijijibu mwenyewe. "Hatujagawa hata moja. Hata moja! Yote yako humo ghalani, yamefungiwa." Akamgeukia Febronia, na sauti ikawa nzito. "Binti, nani kakupa hili?"

Ona sasa! Akimtaja Nyirabahizi, yeye anapona na kazi huenda akaipata. Lakini huyo mwenzake atafutiwa kadi, na kale kachanga kasikojua hata rangi ya jua kataanza maisha kwa kufunga. Asipomtaja, mwizi ni yeye, na Jumapili ni ya Rwekaza.

"Lilirudi ndani ya kikapu cha nyumbani, mama," alisema Febronia. "Aliyelitia simtaji."

"Utakosa kazi."

"Najua."

"Na polisi watakuuliza kwa ukali kuliko mimi."

Machozi yalimjaa, akayaacha yashuke. "Najua, mama. Lakini mtu aliyenirudishia kikapu kimejaa siwezi kumlipa hivyo."

Gozbert alikuwa ameshaufikia mlango. "Mama, tunapoteza muda, ngoja nimwite askari!" Akaufungua kwa nguvu.

Akakutana uso kwa uso na Francisca wa Kanazi, mwekundu kwa vumbi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala. Nyuma yake alisimama Nyirabahizi, mtoto mgongoni, beseni la nguo zilizopigwa pasi kichwani.

"Msimguse mwanangu!" alifoka Francisca. "Mwulizeni huyu hapa. Kila kitu nimemweleza njiani."

"Mama, mrudishe nyumbani!" alilia Febronia. "Watamfutia kadi!"

Lakini Nyirabahizi alikuwa ameshaingia, ametua beseni chini, amekunja mikono. Kiswahili chake ni cha sokoni, alijifunza huku huku, na alikitumia bila woga.

"Shikamoo mama mkubwa. Huyu mtoto mnamwonea bure. Blanketi lilikuwa langu mimi, sikuiba, sikuuza. Nililipata kwa jasho. Ni malipo ya kufua."

"Malipo?" Mama Scholastika alivua miwani. "Nani anakulipa kwa mablanketi yetu?"

Nyirabahizi hakuwa anamtazama tena Mama Scholastika, wala Febronia, wala koti lililotandazwa mezani. Alikuwa anatazama kifua cha Gozbert, ambaye katika kuushika mlango kwa mikono miwili alikuwa amesahau kuuziba mfuko wake. Chini ya mfuko lilionekana doa la wino, limefifia, la ukubwa wa punje ya harage.

"Yewe, bwana!" alisema Nyirabahizi kwa masikitiko ya kweli, maana ni mwanamke anayejali kazi yake. "Hilo doa bado tu? Na mimi nililisugua kwa limau mpaka vidole vikaniuma!"

Mkono wa Gozbert uliruka kifuani, lakini doa lilikuwa limeshasomwa na wote chumbani.

Mama Scholastika alinyoosha kiganja juu ya meza, juu ya koti la kijivu.

"Funguo za ghala, Gozbert."

"Mama, ngoja nieleze..."

"Funguo."

Gozbert alijipapasa mfuko wa suruali, akajipapasa mwingine, kama Derick anayetafuta kitana. Kisha mtanashati wetu akapasuka.

"Sina! Msinitazame mimi peke yangu! Mimi mzigo siubebi wala siuuzi. Funguo anazo mwenye lori. Alisema leo ndiyo siku, kwa kuwa ofisi nzima mtakuwa kwenye usaili. Anapakia sasa hivi!"

"Mwenye lori ndiye nani?"

"Rwekaza," alisema Gozbert. "Rwekaza wa Kaniha."

Febronia alijikuta amekaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Yule yule! Mwenye duka, mwenye redio, mgeni wa Jumapili!

Hapo hapo, nyuma ya bati lililotenga ofisi na ghala, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kinene, cha raha, kile cha kusikika mpaka bondeni.

Ikafuata sauti nyingine, ya mzee aliyeachwa nje alinde baiskeli.

"Ee, mkwe wangu!" alisema mzee Gaspari kwa furaha. "Kumbe nawe uko huku? Pisha kidogo, nikusaidie kupakia."